Alirithi Kila Kitu Isipokuwa Kiti

Tarehe 10 Mei 1922, katika Inner Temple, mojawapo ya vyama vya mabarista (mawakili wanaosimama mahakamani) jijini London, Ivy Williams alipokelewa rasmi kuwa wakili. Hakuna mwanamke aliyewahi kufika hapo kabla yake katika historia yote ya mabarista wa Uingereza.

Mwezi huohuo, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kando ya mto Thames, kamati ya Baraza la Malodi, upande wa Bunge la Uingereza usiopigiwa kura, ilimalizana na mwanamke mwingine. Huyu ni Margaret Haig Thomas, maarufu kwa cheo chake, Lady Rhondda, mfanyabiashara kutoka kusini mwa Wales. Kamati ilikubali kwamba cheo alichoachiwa na baba yake ni chake kihalali. Ila kiti cha bungeni kinachoambatana na cheo hicho hatakikalia, kwa kuwa ni mwanamke.

Wanawake hao wawili walisimama juu ya sheria moja, ya mwaka 1919.

Nilikutana na tarehe hizo nikiwa natafuta historia ya mawakili wa kwanza wanawake, na tangu hapo sijatulia. Nimesoma hoja za upande wa Lady Rhondda, nikasoma za waliompinga, nikarudi tena mwanzo. Ilinisumbua kwamba mtu mwenye mali yote ile, elimu, jina, wanasheria wa kulipwa na sheria mpya mkononi, bado aligonga ukuta. Baadaye ikaja kunisumbua zaidi ile mali yenyewe na ilikotoka.

Ofisini kwa baba

Alizaliwa London mwaka 1883, akakulia Llanwern, karibu na mji wa Newport. Baba yake, D. A. Thomas, alikuwa mbunge na mmoja wa matajiri wakubwa wa makaa ya mawe katika bonde la Rhondda, enzi ambazo makaa ya Wales ndiyo yaliyosukuma meli za mvuke duniani kote. Mtoto alikuwa ni huyo mmoja tu. Mzee alimzungumzisha mambo ya biashara tangu akiwa msichana mdogo, kama ambavyo wenzake walivyozungumza na watoto wao wa kiume.

Oxford alikaa mihula miwili, akaondoka. Mwaka 1908 aliolewa na jirani yao, Humphrey Mackworth, na mwaka huohuo akajiunga na harakati za kudai kura kwa wanawake. Mwaka 1913 alitumbukiza kemikali za kuwasha moto ndani ya sanduku la barua kwenye barabara ya Risca, Newport. Alihukumiwa kulipa faini au kwenda jela, akakataa faini, akapelekwa gereza la Usk, akagoma kula, na baada ya siku 5 wakamwachia.

Katika miaka hiyohiyo alikuwa akifanya kazi Cardiff, kwenye ofisi za baba yake, kama katibu wake wa siri. Barua, mikataba, safari na mazungumzo na wenye mitaji vyote vilipita mikononi mwake. Ndivyo ilivyotokea Mei 1915 akawa na baba yake ndani ya Lusitania, wakirudi kutoka Marekani, meli ilipopigwa topido karibu na pwani ya Ireland na kuzama kwa dakika 18. Alielea baharini kwa saa kadhaa hadi akapoteza fahamu, na aliopolewa akidhaniwa amekufa. Habari za siku ile zimesimuliwa sana. Mimi nachukua moja tu aliyoisema mwenyewe baadaye: kwamba kabla ya ajali hakuwa akijiamini, na alipotoka majini alikuwa mtu mwingine.

Baba yake alifariki Julai 1918, muda mfupi baada ya kupandishwa cheo cha ulodi kuwa Viscount, kwa masharti maalumu kwamba kwa kukosa mtoto wa kiume kitamwendea binti. Kwa hiyo alirithi cheo, na alirithi nafasi za ukurugenzi 28. Katika maisha yake alikaa kwenye bodi za kampuni 33: makaa, meli, chuma, magazeti. Mara nyingi mezani alikuwa mwanamke peke yake. Mwaka 1926 alichaguliwa kuwa rais wa Institute of Directors, chama cha wakurugenzi wa kampuni Uingereza, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Niliposoma orodha ile mara ya kwanza nilijawa na furaha. Kisha nikajiuliza swali ambalo sikulipenda.

Ni sheria gani iliyomfungulia?

Hakuna. Kuingia kwenye bodi hakukuhitaji sheria mpya. Kulihitaji hisa, na hisa zilikuwa za baba. Msichana mwingine wa Newport mwenye akili ileile na ujasiri uleule, ambaye baba yake alikuwa kuli bandarini, asingefika hata kwenye ngazi za jengo lile la Cardiff.

Bebb

Hapa namleta mwanamke mwingine, kwa sababu bila yeye kesi ya Lady Rhondda haieleweki.

Gwyneth Bebb alikuwa binti wa msomi aliyekuwa mkuu wa chuo cha Lampeter, magharibi mwa Wales. Alisoma sheria Oxford na akapata daraja la kwanza, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika somo lile. Shahada yenyewe hakupewa, maana Oxford haikuwapa wanawake shahada hadi mwaka 1920. Mwaka 1913 aliomba kufanya mitihani ya chama cha mawakili, Law Society. Wakamrudishia ombi na ada yake. Akaenda mahakamani yeye na wenzake watatu.

Sheria iliyosimamia mawakili ilikuwa ya mwaka 1843 na ilizungumzia mtu yeyote mwenye sifa. Majaji walisema hapana. Wanawake hawajawahi kuwa mawakili, walisema, kwa hiyo sheria haikuwakusudia, na kama Bunge linataka jambo hilo basi Bunge liseme. Rufaa nayo ikaanguka kabla mwaka haujaisha.

Bunge lilisema baada ya vita. Desemba 1919 ilipitishwa sheria ya kuondoa vizuizi vya jinsia: mtu asizuiwe kwa jinsia yake wala kwa ndoa yake kufanya kazi ya umma, kushika wadhifa wa kiraia au wa kimahakama, au kuingia katika taaluma. Bebb akaanza upya safari ya uwakili, wakati huu akiwa mama. Alifariki Oktoba 1921 kwa matatizo ya uzazi, na mtoto aliyemzaa hakuishi. Ilikuwa imebaki miezi michache tu kabla ya Inner Temple kumpokea Ivy Williams.

Nilipofika hapo nilisimama kusoma kwa siku kadhaa.

Bebb hakuwa na baba mwenye migodi. Alichokuwa nacho ni matokeo ya mtihani na imani kwamba neno lililoandikwa linamhusu. Mtu wa namna hiyo akishafungiwa na sheria, hana mlango wa uani. Kuanzia hapo nikaanza kuielewa tofauti hiyo, na nadhani Lady Rhondda aliielewa mapema kuliko mimi. Mwaka 1919 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Efficiency Club, mahali pa wanawake wenye biashara na taaluma kukutana, kufahamiana na kusaidiana kazi. Alijua kwamba yeye alipitishwa na baba, na kwamba wengine hawana wa kuwapitisha.

Machi ndiyo, Mei hapana

Sasa kesi.

Hoja ya Lady Rhondda ilikuwa nyepesi kueleza. Kuketi bungeni ni kazi ya umma. Sheria ya 1919 inasema mtu asizuiwe kazi ya umma kwa jinsia yake. Yeye ana cheo, na mwanaume mwenye cheo kama hicho huitwa bungeni. Basi na aitwe.

Machi 1922 kamati ya haki za malodi ilisikiliza ombi hilo. Mwanasheria mkuu wa serikali hakulipinga, na kamati ikakubali. Pongezi zilianza kumiminika. Kwa wiki chache Lady Rhondda alikuwa, kwa hesabu za watu wote, mwanamke wa kwanza atakayeketi katika Baraza la Malodi.

Kisha akasimama Lord Birkenhead.

Huyu alikuwa Lord Chancellor, mkuu wa mfumo wote wa sheria, na tangu zamani alikuwa mpinzani wa kura kwa wanawake. Alishawishi Baraza lisiipokee ripoti ile, shauri lirudishwe kwenye kamati likasikilizwe upya, na kamati yenyewe ikaongezwa watu. Mei lilisikilizwa tena. Safari hii lilianguka vibaya.

Nimejitahidi kumsoma Birkenhead kwa haki, kwa sababu hoja yake si ya kijinga. Alisema badiliko kubwa kama hilo katika muundo wa Bunge haliwezi kupitishwa kwa maneno ya jumla. Kama Bunge lingetaka wanawake waketi kwa malodi, lingesema waziwazi. Tena mwaka huohuo wa 1919 ulikuwapo muswada mwingine, wa chama cha Labour, uliotaja jambo hilo waziwazi, na haukupita. Lord Haldane, aliyewahi kuwa Lord Chancellor naye, aliona kinyume na akasema hivyo. Walimzidi kwa wingi.

Lakini angalia jinsi hoja ilivyorudi palepale. Bebb aliambiwa mwaka 1913 kwamba neno la jumla halimhusu mwanamke. Bunge likatunga sheria ya jumla kuliko zote ili kulimaliza jambo hilo. Na mwaka 1922 Lady Rhondda akaambiwa kwamba hata hii ni ya jumla mno.

Wakati huo Nancy Astor alikuwa ameshaketi zaidi ya miaka 2 katika bunge la kuchaguliwa. Wapiga kura walikuwa tayari. Waliokuwa hawajawa tayari ni wale ambao hawakupigiwa kura na mtu.

Mwaka 1929 Privy Council, mahakama ya London iliyokuwa ndiyo ya mwisho kwa makoloni na himaya yote, Afrika Mashariki ikiwemo, iliamua kwamba wanawake wa Kanada wanaweza kuingia katika seneti yao. Lord Sankey aliandika kwamba kuwatenga wanawake na nyadhifa zote za umma ni mabaki ya zama za kishenzi kuliko zetu. Maneno hayo yaliandikwa London. Baraza la Malodi la London likaendelea kubaki limefungwa.

Miswada ya kulifungua ilipelekwa mara kwa mara. Mmoja ulianguka mwaka 1925 kwa kura 2 tu.

Mali ilikwenda wapi

Mwaka uleule wa kesi ndoa yake nayo ilikuwa inavunjika. Angeweza kurudi Cardiff akahesabu meli zake. Alichofanya ni kutia nguvu zaidi katika mambo mawili aliyokuwa ameshayaanza.

La kwanza ni Time and Tide, gazeti la kila wiki alilolianzisha Mei 1920, likiwa na bodi ya wanawake watupu. Mwaka 1926 alichukua uhariri yeye mwenyewe na hakuuachia hadi kufa kwake. Waliandika humo waandishi wazito wa zama zile, wanawake kwa wanaume. Siasa zake zilibadilika na miaka. Lilianza likielekea kushoto, likaishia upande wa kulia, na kuna matoleo ya miaka ya mwisho ambayo mimi nisingeyatetea. Kibiashara lilikuwa shimo. Mwaka baada ya mwaka alilijaza kwa fedha zake, huku makaa ya Wales nayo yakiporomoka bei na soko, hadi mirathi yake ilipofunguliwa ikaonekana kwamba utajiri ule mkubwa ulikuwa umeisha sehemu kubwa.

Kuna watu humhukumu kwa hilo na kusema mfanyabiashara hodari hafanyi hivyo. Mimi sikubaliani nao. Alinyimwa mahali pa kusemea, akajinunulia pengine, na akawapa wengine nafasi humo. Sioni matumizi bora zaidi ya pesa ile.

La pili ni Six Point Group, kikundi alichokianzisha mwaka 1921 chenye madai sita kwa Bunge. Nitarudi kwake.

Peni tisa

Maana kuna jambo ambalo siwezi kuliruka, na ndilo lililonichelewesha kuandika.

Septemba 1910 kampuni za D. A. Thomas ziliwafungia nje wachimbaji wa mgodi wa Ely, kule Penygraig, katika bonde la Rhondda. Ugomvi ulikuwa juu ya mwamba mpya wa makaa, mgumu, wenye mawe mengi. Wachimbaji walitaka shilingi 2 na peni 6 kwa tani. Kampuni ilitoa shilingi 1 na peni 9. Kwa shilingi ya wakati ule, yenye peni 12, tofauti ni peni 9. Kufikia Novemba wafanyakazi wa migodi yote ya kundi lile, kama watu 12,000, walikuwa kwenye mgomo. Polisi walipambana nao katika mji wa Tonypandy, mchimbaji mmoja akafa kwa kipigo cha kichwani, na Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akapeleka askari wa jeshi. Mgomo ulidumu hadi mwaka uliofuata. Waliorudi kazini walirudi kwa njaa, bila kushinda.

Margaret alikuwa na miaka 27. Alikuwa tayari mwanaharakati, tayari akihutubia mikutano juu ya haki.

Jina la cheo alichokipigania, Rhondda, ni jina la bonde lile.

Nilitamani sana kupata mahali ambapo anasimama na wale watu. Sikupata. Alimpenda baba yake, aliandika kitabu cha maisha yake, na aliyaona mambo ya migodi kwa jicho la mwenye migodi. Peni 9 zile zimo ndani ya hisa alizorithi, zimo ndani ya gazeti, zimo katika ada za wanasheria waliomtetea mbele ya malodi. Anayetaka kumsifu ni lazima azibebe pamoja na sifa. Septemba 2024 mji wa Newport ulimsimamishia sanamu, na naamini anastahili. Pia ninamwelewa mtu wa Tonypandy atakayepita hapo bila kuinua macho.

Kwa siku kadhaa nilidhani makala hii itaishia hapo, kwenye mizani isiyokaa sawa. Kilichonifanya niendelee ni kuyasoma upya yale madai sita.

Nilitegemea kukuta madai ya watu wa tabaka lake: viti vya malodi, bodi, vyuo. Kiti cha Malodi hakimo. Kuna sheria ya kuwalinda watoto wanaodhulumiwa kingono, sheria kwa ajili ya mama asiyeolewa na mtoto wake, haki sawa ya baba na mama katika ulezi, malipo sawa kwa walimu, nafasi sawa katika utumishi wa umma. Na kuna sheria kwa ajili ya wajane wenye watoto.

Machi 1905 mgodi wa Cambrian, kule Clydach Vale, ulilipuka na kuua watu 33. Mgodi huo ulikuwa wa D. A. Thomas.

Sijui kama aliwafikiria wake za watu wale alipoandika lile dai la wajane, na sitamwekea mawazo kichwani. Ninachojua ni kwamba mke wa mchimbaji, mumewe akishafukiwa, hakuwa na hisa, hakuwa na baba wa kumpa ofisi, hakuwa na namna yoyote ya kuipita sheria pembeni. Kama Bebb, chake kilikuwa kile tu ambacho Bunge lingekiandika. Binti wa mwenye mgodi, aliyekuwa na kila njia ya kupita pembeni, alichagua kutumia fedha na jina lake kudai kiandikwe.

Lady Rhondda alifariki tarehe 20 Julai 1958. Sheria ya kuruhusu vyeo vya maisha, ambayo kwayo wanawake wa kwanza waliketi kwa malodi mwezi Oktoba mwaka huo, ilikuwa imeshasainiwa tangu Aprili. Wanawake wenye vyeo vya kurithi, kama yeye, waliruhusiwa mwaka 1963. Hakuwa na mtoto, na cheo cha Rhondda kilikufa naye.

Kati ya madai yake sita, la wajane lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuguswa na Bunge. Sheria ya pensheni za wajane na yatima ilipita mwaka 1925, miaka 20 baada ya mlipuko wa Clydach Vale.